Njia ya Mahame

Vijana wa sungusungu walimleta Bibi saa nane usiku. Walikuwa wanne, na tochi mbili na fimbo, na mmoja alikuwa amemvika koti lake kwa sababu Bibi alitoka na khanga moja tu. Walimkuta amesimama kwenye zizi la jirani wa tatu kutoka kwetu, ameshika mti wa zizi kama mtu anayengoja kufunguliwa. Mkubwa wao alimwamkia mama yangu vizuri, shikamoo mama, poleni, kisha akauliza jambo ambalo lilitukosesha usingizi kuliko kutoka kwenyewe: "Bibi alikuwa anatafuta nini pale?"

Kwa ukanda wetu swali hilo lina mkia mrefu. Mwanamke mzee, usiku wa manane, khanga moja, kwenye ng'ombe wa watu: kila mtoto hufundishwa kuwa hizo ni dalili za mtu anayewanga. Simeon Mesaki, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameandika juu ya hesabu ya mauaji yaliyotokana na tuhuma za uchawi Tanzania Bara kati ya 1970 na 1984. Matukio 3,333. Waliouawa 3,693, kati yao wanawake 2,286. Wengi walikuwa Wasukuma, lakini hofu ile haikuishia Usukumani. Macho mekundu ya moshi wa kuni yalitosha kuwa ushahidi. Nimelisoma jedwali lile mara nyingi kwa ajili ya masomo yangu, na mara ya kwanza baada ya usiku wa koti nililisoma nikijiuliza ni wangapi kati ya wanawake wale walikuwa wamepotea njia tu.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Tasnifu yangu ni juu ya uhamishaji wa watu kwenda vijijini katika Wilaya ya Manyoni, na nilirudi nyumbani Kilimatinde mwezi wa kumi na moja nikiwa na kinasa sauti, madaftari, na barua ya chuo yenye mhuri. Mpango ulikuwa kuanza na Bibi. Ana zaidi ya miaka 80, alihamishwa akiwa mwanamke mzima mwenye watoto watatu, na huwa ananiita "mume wangu" kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Nilidhani nitapata saa kumi za simulizi kabla ya Krismasi. Nilipata dakika arobaini, na nyingi zilikuwa za Bibi akiniuliza kama nimekula.

Mchana alikuwa anasinzia kwenye kiti chake ndani ya nyumba. Ikifika magharibi anaanza kuhangaika: anakunja nguo, anazifunga kwenye khanga, anauliza watoto wako wapi. Usiku anaamka kabisa, macho makavu, ana nguvu kuliko sisi. Siku zingine ananiita mume wangu, na sasa hatanii.

Msimamizi wangu, nilipomweleza kwenye simu, alinyamaza kidogo halafu akauliza kama kweli nataka kumtumia mtu mwenye dimenshia kuwa chanzo. Ni swali la haki kwa mwanahistoria. Lakini lilinifanya nikumbuke kwamba kwenye njia hii hii, historia ilishamtumia mtu aliyechanganyikiwa kuwa chanzo, tena bila aibu yoyote.

Kilimatinde iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ukisimama pembeni unaiona tambarare ya kuelekea Bahi chini, na siku isiyo na vumbi unaona mbali sana. Wajerumani walijenga boma hapa mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miaka kadhaa wilaya kubwa ilitawaliwa kutoka hapa, mpaka reli ilipopita chini kwa Saranda na Manyoni na mambo yakaifuata reli. Kabla ya boma, ukanda huu ulikuwa mpito wa misafara kati ya Bagamoyo na Tabora. Magharibi mwetu kulikuwa na pori lililoogopwa na wapagazi wote, Mgunda Mkali, siku nyingi bila maji ya kuaminika.

Oktoba 1858, Waingereza wawili walikuwa wanarudi pwani kutoka Tabora: Richard Burton na John Hanning Speke. Walipofika Hanga, si mbali na Tabora, Speke alishikwa na maumivu ya kifua yaliyokuwa yanahama, kana kwamba anachomwa kwa chuma cha moto. Ilianza alfajiri moja, akazinduka kutoka kwenye ndoto ya wanyama wakali waliofungiwa kulabu za chuma, wanamburuta chini. Baadaye alishikwa na degedege, akawa anatoa sauti za ajabu, na kwenye nafuu fupi akaomba kalamu na karatasi awaage watu wa nyumbani kwa barua isiyoeleweka. Katika kuweweseka huko yalimtoka pia manung'uniko aliyoyaficha dhidi ya mwenzake, na waandishi wa maisha yao wamekuwa wakiyatumia tangu hapo kueleza ugomvi wa watu hawa wawili juu ya chanzo cha mto Nile.

Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wao, aliutambua ugonjwa na kuutaja jina. Burton aliliandika kwa masikio yake, akalitafsiri kuwa ni vyuma vidogo. Mtu wa Kiswahili akilisoma anasikia kuchoma, kichomi. Nadhani Burton alisikia chuma palipokuwa na choma, lakini hiyo si hoja yangu.

Hoja yangu ni hii. Speke alipiga kelele usiku kucha katikati ya nchi ya watu, akiona visivyokuwepo, na hakuna aliyeuliza alikuwa anatafuta nini. Wapagazi, ambao majina yao hayakuandikwa, walimbeba kwa machela kuvuka Mgunda Mkali mpaka alipoweza kupanda punda. Mwenzake alikaa kitandani pake na kuandika, na mwaka 1860 ikawa kitabu. Payo za mtu mmoja zimehifadhiwa kwa miaka zaidi ya 160, zimechambuliwa, zimefanywa ushahidi. Sijui mwanamke hata mmoja wa Kilimatinde ambaye maneno yake ya usiku yaliandikwa na yeyote, isipokuwa polisi, na hapo yeye akiwa marehemu.

Kiswahili kina neno kuweweseka, na ni neno zuri kwa sababu linabeba homa na usingizi pamoja. Lakini mwaka huu nimejifunza kwamba linaficha mambo mawili. Mwezi wa pili Bibi alipata nimonia. Ndani ya siku mbili akawa mtu mwingine: anazungumza na ukuta, anachuma vitu hewani, anatufukuza, halafu saa moja baadaye yuko sawa na anaomba uji. Hospitali moja tuliyompeleka, ambayo sitaitaja, ilimfunga mikono kitandani na kumchoma sindano ya kumtuliza, na usiku uliofuata alikuwa mbaya zaidi. Muuguzi wa zamu ya asubuhi, mama mtu mzima, ndiye alimfungua, akasogeza kitanda dirishani, akamwambia mama yangu akae mahali Bibi anapoweza kuona uso wake. Akatueleza, na baadaye nilisoma na kukuta ni hivyo: kuna kuchanganyikiwa kunakokuja ghafla, kwa saa au siku, kunapanda na kushuka, na nyuma yake kuna kitu kingine, malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, hata dawa. Hicho kikitibiwa, akili huweza kurudi. Madaktari wanakuita deliriamu. Na kuna kule kusahau kunakokuja kwa miaka, ambako hakurudi nyuma. Mzee mwenye hiki cha pili ni rahisi sana kupata hicho cha kwanza. "Huyu ana vyote viwili," alisema. "Kimoja tutakiondoa."

Walikiondoa. Kilichobaki ni usiku.

Mambo haya mawili yanakutana kwenye usingizi. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya fahamu ya macho inapokutana, kuna kiini kidogo sana chenye seli kama 20,000, nacho ndicho saa ya mwili. Kinapata habari za mwanga kutoka machoni, na giza likiingia kinairuhusu tezi ya pineali kumwaga melatonini kwenye damu. Melatonini haikuangushi usingizini kama kidonge cha nusukaputi. Inatangaza tu kwamba usiku umeingia, na viungo vingine vinafuata.

Aliyeitenga kwanza ni Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1958, miaka 100 kamili baada ya kelele za Hanga. Hakuwa anatafuta usingizi. Alikuwa daktari wa ngozi anayeshughulika na mbalanga, akitafuta kitu kinachobadilisha rangi ya ngozi, na alichuja maelfu ya tezi za ng'ombe wa machinjioni mpaka akapata kitu kilichoifanya ngozi ya chura ipauke. Mwaka 1985 Dick Swaab na wenzake wa Amsterdam wakaonyesha kwamba kile kiini cha saa hupoteza seli katika uzee mkubwa, na hupoteza zaidi kwa wenye ugonjwa wa Alzheimer. Ilikuwa faraja ya ajabu kusoma habari hiyo. Bibi haasi, wala harogi. Mtangazaji wake amepoteza sauti.

Basi nikafikiri kama kila mtu wa rika langu angefikiri: tumpe melatonini. Binamu yangu aliyeko Marekani, ambako inauzwa dukani kama vitamini, alituma chupa na mtu aliyekuwa anakuja Dodoma. Niliipokea kama nimepokea ufunguo. Halafu nikasoma zaidi, kosa la kawaida la wanafunzi, na ufunguo ukaanza kupinda. Majaribio kwa watu wenye Alzheimer kwa sehemu kubwa hayajaonyesha kwamba melatonini peke yake inawapa usingizi wa maana. Kwenye deliriamu ya hospitalini matokeo yanapingana, jaribio hili linasema inakinga, lile linasema haisaidii.

Utafiti ulionishika ni wa Uholanzi, wa Eus van Someren na wenzake, uliotoka mwaka 2008. Walichukua nyumba 12 za kulelea wazee, wazee 189, na katika baadhi ya nyumba wakafunga taa kali za dari ziwake mchana kutwa. Baadhi ya wazee walipewa melatonini jioni, wengine kidonge bandia, na wakafuatiliwa kwa miaka, wengine hadi mitatu na nusu. Mwanga ulipunguza kidogo kasi ya akili kudhoofika, ukapunguza na huzuni. Melatonini iliwasaidia kulala mapema, lakini waliopewa hiyo bila mwanga walizidi kujitenga na watu. Pamoja na mwanga, dosari hiyo iliondoka. Yaani ishara ya usiku haina kazi kwa mtu ambaye hajapata mchana.

Taa zile zilikuwa na nguvu kama ya luksi 1,000. Nje ya mlango wetu, saa nne asubuhi mwezi wa saba, jua linatoa mara kadhaa ya kumi ya hizo, bure. Na Bibi alikuwa amekaa ndani.

Hapo niliona aibu, kwa sababu sisi ndio tuliomweka ndani. Baada ya usiku wa koti tuliamua asionekane sana. Tembe za zamani za Kigogo zilikuwa na giza, kweli, paa la udongo na matundu madogo, lakini hakuna aliyeshinda ndani ya tembe. Mchana ulikuwa uani, kwenye kinu, kwenye kivuli cha mti, kwenye kupepeta uwele. Sisi tuna nyumba ya tofali na bati, na mapazia mazito ambayo dada yangu aliyanunua Singida mjini, na ndani yake tulikuwa tumempa bibi yetu jioni ya saa kumi na mbili mfululizo, kisha tukashangaa kwamba hajui usiku unaanza wapi.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mimi na mama, kabla swali halijatufikia rasmi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mambo ya tezi na seli. Mama alinikanyaga mguu. Mwenyekiti anafuga kuku wa nyama, na mama alimuuliza: "Mzee, wewe ukiwasha taa bandani, vifaranga wanafanyaje?"

"Wanakula usiku kucha. Wanadhani ni mchana."

"Basi mama mkwe wangu kwake taa haizimiki."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema shangazi yake mwenyewe alikuwa hivyo, na akaacha hapo, na kwa jinsi alivyoacha hapo nilijua nisiulize yule shangazi aliishia wapi. Jioni ile aliwaita vijana wa doria akawaambia kwamba bibi wa kwetu ni mgonjwa, wakimkuta wamsalimie, wasimmulike machoni, wamrudishe. Jambo dogo. Ila sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Unyamwezi na Usukuma, kukabili wizi wa ng'ombe, kulikuwa na mahali walikogeukia vikongwe. Kwa hiyo sikuliona dogo.

Lilibaki lile swali lenyewe, na aliyelijibu ni mama. Bibi alikuwa ametoka mara nne kufikia wakati huo. Mara ya kwanza zizini. Mara ya pili kwenye korongo, nyuma ya zizi. Mara ya tatu na ya nne vijana walimkuta mbele zaidi. Nilikuwa nimezichora sehemu hizo kwenye daftari langu la utafiti, bila sababu nzuri, labda kwa mazoea ya kuchora. Mama aliliangalia daftari akasema, "Mbona huo ni mstari? Anakwenda mahame."

Mahame ni pale palipokuwa na watu. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitamka kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi kwenye kijiji. Wagogo wa Dodoma walikuwa wameshaonja tangu Operesheni Dodoma ya 1971, na sasa ikawa nchi nzima. Mamilioni walihamishwa, na sehemu nyingine nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili watu wasirudi. Familia yetu ilihamishwa 1974. Kwenye nyaraka nilizozisoma safari ile ina takwimu: kaya ngapi, malori mangapi. Haina neno juu ya mwanamke kutembea nyuma ya lori na mtoto mgongoni kwa sababu nafasi ilikuwa ya mahindi.

Haikuwa mara ya kwanza serikali kuwahamisha watu wa nyanda hizi, na mara ile ya awali sababu ilikuwa, kati ya vitu vyote, ugonjwa wa usingizi. Kuanzia miaka ya 1920 Waingereza waliwakusanya maelfu ya watu wa magharibi ya Tanganyika kwenye makazi mapya ili kuwatenga na mbung'o wa malale, ugonjwa ambao mgonjwa wake husinzia mchana, hukesha usiku, na mwishowe huchanganyikiwa. Ningeweza kuandika sura nzima juu ya hilo. Msimamizi amesema nisithubutu.

Zizi la jirani limejengwa katikati ya njia ambayo Bibi aliipita kwa miaka yote ya ndoa yake kabla ya kuhama. Hakuwa anatafuta kitu kwa watu. Walikuwa wamemzibia njia.

Mwezi wa saba tulianza kumtoa nje saa moja asubuhi, kiti chini ya mwarobaini lakini miguu na uso juani, na kazi mkononi: kuchambua mlenda, kupepeta. Mapazia tuliyashusha. Usiku taa ndogo tu ya njia ya choo. Ile chupa ya Marekani tulimpelekea daktari, akasema tunaweza kujaribu, dozi ndogo, saa mbili usiku, na tusitegemee muujiza. Hatujapata muujiza. Analala mpaka saa tisa, siku nyingine saa kumi, na wiki zingine mbili mfululizo hafungi jicho na mama anashinda akisinzia kwenye jembe. Tukimwona amebadilika ghafla tunampima malaria kwanza kabla ya kusema ni uzee.

Siku moja jioni, saa kumi, nilimwambia, "Bibi, twende nyumbani." Hakuuliza nyumbani wapi. Alichukua khanga yake ya pili na tukaenda, tukazunguka zizi kwa adabu, tukashuka korongo. Nilikuwa na kinasa sauti mfukoni kimewashwa. Mwendo ulikuwa karibu saa nzima, na mtu ambaye asubuhi alishindwa kusema ni mwezi gani alinipitisha kwenye vichaka bila kusita hata mara moja.

Pale mahame hakuna kitu ambacho mimi ningekiona. Mbuyu, nyasi, mawe. Bibi aliweka mguu akasema hapa mlango. Hapa nyumba ya mke mkubwa. Hapa maghala mawili, moja lilikuwa bovu. Hapa ng'ombe. Alinionyesha jiwe la kusagia lililozama ardhini nusu, na nilipolifukua kwa mikono lilikuwa na shimo la kusagia upande ule ule aliosema. Alinitajia kaya sita, nani jirani ya nani, na nani alikataa kupanda lori. Mawili kati ya majina hayo ninayo kwenye orodha ya 1974. Manne sina popote.

Kisha jua likaanza kushuka, na niliona mikono yake ikianza kuzikunja ncha za khanga. Akaniambia, mume wangu, watoto wamechelewa na maji.

Nilimwambia wako njiani, tukawalaki. Tulifika nyumbani giza limeingia, tukala ugali wa uwele na mlenda, akapewa dawa yake. Saa tisa usiku niliamshwa na komeo la mlango. Niliinuka, nikamkuta amesimama sebuleni, nikamuuliza anataka nini. Akaniuliza kama zizi nimelifunga. Nikasema nimelifunga. Akakaa, nami nikakaa, na kwa kuwa hatukulala tena nilichukua daftari nikaanza kumuuliza kuhusu ile kaya ya tatu.